Wilaya Nane za Mkoa wa Kigoma

Nilipata sifuri. Ninalisema hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani anasoma habari za ushindi.

Kipindi chenyewe kinaitwa Kengele ya Maarifa na hurushwa kila Jumamosi saa tisa alasiri. Washindani ni watatu, na kila mmoja ana kitufe chekundu mbele yake. Mtangazaji anasoma swali, na anayebonyeza kwanza ndiye anayejibu. Maswali ya namna hiyo ni kumi na mawili. Baada ya hapo kila mshindani huulizwa swali moja la peke yake, linalohusu mahali alikotoka, na hilo halina haraka wala kitufe. Wenyewe huliita swali la nyumbani, na nadhani waliliweka ili asiwepo mtu wa kuondoka mikono mitupu. Wenzangu walikuwa binti mmoja mwanafunzi wa chuo na kijana mwenye duka la dawa Morogoro. Waligawana yale kumi na mawili, binti saba, kijana matano. Mimi sikupata hata moja, na la nyumbani nikalikosa.

Nina umri wa miaka sitini na tisa. Nilizaliwa Kagerankanda na nilijifunza kusoma nikiwa na miaka kumi na tisa, katika kisomo cha watu wazima, usiku, kwa taa ya karabai, baada ya kutwa nzima shambani. Mtihani wa darasa la saba niliufanya nikiwa baba wa watoto wawili. Kidato cha nne nilikifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea nikiwa na miaka arobaini na moja, nikapata daraja la nne, na cheti kipo ukutani sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukiona. Kazi yangu ilikuwa utarishi katika ofisi ya halmashauri, Kasulu, kwa miaka ishirini na sita. Sikuwahi kupoteza barua. Nilipostaafu nilihamia Heru Juu, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi nikaanzisha darasa la watu wazima, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni watoto wakishaondoka. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na wanne. Hao ndio walioanza kuniita Mwalimu. Ofisini, miaka ya mwisho, hata vijana waliozaliwa nikiwa tayari kazini walikuwa wakiniita kwa kugonga kalamu mezani.

Basi nilichokuwa na hofu ya kukipoteza kilikuwa darasa hilo. Sina kingine cha kuhofia. Shamba langu lina mihogo ya kutosha na wanangu wanajitegemea.

Jina langu lilipelekwa kwenye kipindi na mwanafunzi wangu Ildefonsi, fundi baiskeli, kwa ujumbe wa simu, bila kuniuliza. Wakanipigia. Kwenye simu waliniuliza maswali kumi nikajibu tisa, kwa sababu kwenye simu hakuna kitufe. Habari zilipofika darasani walifurahi kupita kiasi, hasa Dorcas. Dorcas ni mama wa watoto wanne. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa, na siku hizi wote ni raia. Anajiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule wa kumruhusu kufanya kidato cha nne, mwezi wa Novemba, na kati ya wote ndiye mwenye kichwa. Mume wake, Niyonzima, anauza unga wa muhogo, na kila siku ya darasa humleta kwa baiskeli na kumsubiri nje ya dirisha. Hajawahi kunitukana, lakini alikuwa na swali ambalo hakuliacha: mwalimu gani huyu asiyejulikana na serikali? Nilipoitwa Dar es Salaam alimwambia mkewe kwamba akiniona kwenye televisheni najibu, atanyamaza na hatauliza tena. Asiponiona najibu, Dorcas atabaki nyumbani kwenye unga. Dorcas aliniletea maneno hayo akicheka. Mimi nami nilicheka.

Nieleze sasa ilivyokuwa. Walituingiza katika chumba chenye baridi na taa kali. Binti mmoja alinipaka poda usoni ili nising'ae. Mtangazaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti nzuri, na alinisalimia kwa adabu. Akaanza kusoma. "Mto Malagarasi humwaga maji yake..." Binti wa chuo alibonyeza hapo hapo, akasema Ziwa Tanganyika. Mto huo nimeuvuka nikiwa na barua za serikali mkobani zaidi ya mara mia moja. Swali la pili lilihusu nchi ya Afrika iliyopata uhuru mwaka 1957. Mwaka ulipotajwa tu, swali halijaisha, muuza dawa alikuwa ameshasema Ghana. Ikawa hivyo hadi mwisho. Kila swali nililifahamu, isipokuwa mawili, na kila swali nililisubiri liishe. Lilipoisha lilikuwa limeshajibiwa.

Sikuona ajabu yoyote kwangu wakati ule. Niliona tu kwamba wenzangu ni wepesi. Kisha likaja swali la nyumbani. Mtangazaji aliniuliza Mkoa wa Kigoma una wilaya ngapi. Akatulia, akanitazama, akanipa muda wote niliotaka.

Nikasema nane.

"Mzee wangu," alisema, "hata nyumbani kwako?"

Watu waliokuwa kwenye viti wakacheka. Jibu lilikuwa sita.

Kabla hatujaondoka walitusainisha karatasi kwamba hatutatoa matokeo kwa mtu yeyote mpaka kipindi kirushwe, baada ya wiki tatu. Nilitia saini haraka kuliko nilivyowahi kutia saini karatasi yoyote. Njiani kurudi sikufikiri jambo la maana. Nilihesabu nguzo za umeme kutoka Dodoma mpaka usingizi uliponichukua, na nilipoamka nikaendelea kuzihesabu.

Kesho yake baada ya kufika nilikwenda mjini Kasulu, katika ofisi niliyofanyia kazi, nikasimama mbele ya ramani ya mkoa iliyo ukutani. Ilikuwa na rangi sita. Kijana wa masjala, chumba cha kutunzia mafaili na barua, aliniamkia na kuniuliza natafuta nini, nami nikamuuliza kama mtu anayetania tu. Akanieleza vizuri. Wilaya ina mkuu wa wilaya, halmashauri ina mkurugenzi. Kasulu ni wilaya moja yenye halmashauri mbili, ya mji na ya vijijini. Kigoma nayo ni moja yenye mbili, ukihesabu manispaa. Ukijumlisha Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza, halmashauri ni nane, wilaya ni sita.

Nilimshukuru. Nyuma yake palikuwa na lile kabati la barua zinazotoka, lenye visanduku vinane, kila kimoja na kibandiko cha jina. Vile vibandiko vya mwisho nilivibandika mimi. Kasulu ilipogawanywa nilibeba viti na mafaili kwa mkokoteni kutoka jengo hili kwenda jengo lile, siku nne mfululizo. Kwetu sisi tuliobeba, zile zilikuwa wilaya mbili. Barua ya kwenda kule ilihitaji bahasha, muhuri na kitabu cha kusaini. Hakuna aliyeniuliza wakuu wa wilaya ni wangapi. Nilikuwa napeleka barua.

Na sasa jambo lenyewe. Mwezi wa pili, tulipokuwa tukisoma uraia, Dorcas aliuliza mkoa wetu una wilaya ngapi. Nilijibu bila kufungua kitabu. Nikaandika ubaoni kichwa cha habari, Wilaya Nane za Mkoa wa Kigoma, nikazipanga kwa namba, wakanakili wote kumi na wanne, nikapita nyuma yao kuangalia hati. Orodha hiyo ilikuwa kwenye madaftari yao nilipokuwa Dar es Salaam, na ilikuwa huko niliporudi.

Mke wangu Immakulata aliniuliza mara moja tu. Nikamwonyesha nakala ya ile karatasi ya kiapo. Hajui kusoma haraka, lakini aliisoma yote, akainua macho.

"Baba Melkiadi," alisema, "tangu lini wewe ukashinda kitu na ukanyamaza?"

Akaenda kumenya mihogo. Hakuuliza tena.

Kulikuwa na vipindi tisa vya darasa kati ya kurudi kwangu na ile Jumamosi. Nilikuwa na nafasi tisa za kuwaambia wafungue daftari la uraia. Kiapo hakikunizuia kusahihisha wilaya, kilinizuia kutaja alama tu, na hilo nililijua. Jumatatu ya kwanza walinipokea kwa makofi, na Ildefonsi alikuwa ameandika ubaoni Karibu Mwalimu kwa chaki za rangi. Nikafundisha sehemu na asilimia. Jumatano nikafundisha sehemu na asilimia. Wiki ya pili nikaingia desimali. Mtu angesimama mlangoni angesema mzee huyu ni mwalimu hodari, hatetereki. Sauti ilitoka, mkono uliandika, na mimi nilikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Ijumaa ya mwisho, Dorcas alitoa daftari la uraia mwenyewe, akasema angependa turudie mkoa wetu kwa sababu huenda ikatoka kwenye mtihani. Nilimjibu kwamba tutarudia baada ya desimali. Akalirudisha kwenye mkoba.

Siku hiyo hiyo walinieleza mipango yao. Mwalimu mkuu atatoa televisheni yake nje barazani, watakuja wote na waume zao na wake zao, na mimi nitakaa katikati. Niyonzima, aliyekuwa dirishani, alisema ataleta kiti chake mwenyewe ili aone vizuri. Niliwaambia kwa masikitiko kwamba sitakuwepo, kaka yake Immakulata kule Kumsenga ameniita kwa jambo la ukoo. Hakuwa ameniita.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la Kibondo. Nilifika saa nane mchana, na mvua ilikuwa imeshika kweli kweli. Hakuna bodaboda aliyekubali kunipeleka Kumsenga kabla haijapungua. Nikaingia katika hoteli moja ndogo karibu na stendi, ya mtu anayeitwa Mudathiri. Nilimjua jina kwa sababu kila aliyeingia alimwita. Nikaagiza wali na maharage. Televisheni ilikuwa juu ya jokofu la soda. Nilikaa pembeni, nimevaa koti la mvua na kofia ya sufu, na sikuwa na wazo kwamba mtu mwenye hoteli anaweza kupenda Kengele ya Maarifa.

Mudathiri alikipenda kuliko chakula chake mwenyewe. Saa tisa ilipofika aliongeza sauti, akawaambia waliokuwa ndani watulie, leo yumo wetu, mtu wa Kasulu.

Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akisubiri mvua, Nurudini, alisema mtu wa Kasulu si wake. Angekuwa wa Kibondo, yeye angezima hata simu amsikilize.

Ningeweza kutoka. Mvua haikuwa ya kuua mtu. Nilikaa, nikavuta sahani karibu, nikamwona mzee mmoja anaingia kwenye kioo na suti yangu, uso umekuwa mweupe kidogo kwa ile poda. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nadhani mtu wa kwenye televisheni hategemewi kuwa anakula maharage meza ya pili.

Swali la kwanza lilipita, na la pili, na la tatu. Mudathiri alikuwa akijibu kabla ya wote, mara nyingine vibaya, na hakujali. Lilipopita la sita, Nurudini aliuliza mbona mzee hagusi kengele.

"Anaomba dua," alisema Mudathiri. "Tazama mikono."

Nami nikaitazama. Sikuwa nimejua. Kila mtangazaji alipoanza kusoma, yule mzee aliviweka viganja vyake pamoja mbele ya kifua, akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza. Swali lilipoisha, akapiga makofi mawili ya taratibu sana, yasiyo na sauti, ndipo mkono wa kulia ukaanza safari ya kwenda kwenye kitufe. Wakati huo mmoja wa wenzake alikuwa ameshapongezwa. Mara kumi na mbili. Bibi yangu alinifundisha hivyo kule Kagerankanda. Mtu mwenye cheo akikusemesha unampa mikono yako yote, humkatizi, akimaliza unamshukuru kwanza kwa maneno yake. Nilidhani nilikuwa nimeyaacha hayo tangu siku nilipojua kusoma.

"Hiyo si dua, shehe," alisema Nurudini. "Huyo kalelewa na bibi. Ndivyo anavyosikilizwa mkubwa. Mimi nilichapwa kwa kutofanya hivyo."

"Basi akamsikilize mkubwa nyumbani kwake. Pale kinatakiwa kidole."

Watu walicheka, na kusema haki nilitaka kucheka pia, kwa sababu lilikuwa neno la kweli. Lakini uso haukufanya chochote.

Likaja swali la nyumbani. Niliacha kula. Mzee alisema nane, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na mtangazaji akasema lile neno lake, na kicheko cha kwenye televisheni kikaungana na kicheko cha hotelini. Mudathiri alipiga jokofu kwa kiganja. Nanenane ni sikukuu ya wakulima, alisema, mzee alikuwa anawaza maonyesho ya kilimo. Mwingine akasema mzee kachemsha, katuaibisha mkoa mzima. Nurudini peke yake alikuwa akihesabu vidole, na alipofika mwisho alisema mnamwonea, huyu kahesabu halmashauri, halmashauri ni nane kweli. Mudathiri akamwambia swali halikuuliza halmashauri. Wakabishana. Kisha Mudathiri akatafuta shahidi, na macho yake yakanifikia.

"Eti, mzee wangu," alisema, "wewe ungemjibu ngapi?"

"Sita," nilisema.

"Umeona?" Alimgeukia Nurudini. "Hata mzee wa watu anayekula maharage yake anajua."

Aliniongezea mchuzi bila kuulizwa. Nikamshukuru. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kagerankanda, jambo ambalo si uongo. Nilikula nikamaliza sahani yote, nikanawa mikono, na mvua ilipopungua Nurudini mwenyewe ndiye aliyenipeleka Kumsenga. Njiani alinieleza kisa kizima cha yule mzee tena, akidhani sikukifuata vizuri kwa sababu ya umri. Alisema kilichomuuma yeye si lile jibu. Alisema yule mzee angekuwa na mtu wa kumwambia mapema kwamba kule watu wanakatizana, angeshinda. Nilimwambia inawezekana.

Shemeji yangu alishangaa kuniona lakini hakuuliza. Nililala huko. Sikuota kitu.

Nilirudi Heru Juu Jumapili jioni. Immakulata aliniwekea maji ya kuoga, akanieleza kwa ufupi. Walikuja, wakaangalia, wakaondoka. Mwalimu mkuu aliirudisha televisheni ndani kabla kipindi hakijaisha. Niyonzima alibeba kiti chake bila kuaga. Kipande kimoja cha kipindi kilikuwa tayari kwenye simu za watu, pale tu ninaposema nane na mtangazaji anaponijibu. Kilikuwa kifupi sana na watu walikiangalia tena na tena. Nilipopita barabarani kutoka stendi, watoto wawili waliokuwa wakichota maji walisema "Nane" wakajificha nyuma ya ndoo zao.

Immakulata akauliza kama nilikuwa nalijua jibu kabla ya Jumamosi. Nilimwambia ndiyo. Alimaliza kukunja nguo aliyoishika.

"Basi hilo la televisheni si kitu," alisema. "Waambie hilo lingine."

Jumatatu saa kumi niliingia darasani. Hapakuwa na mtu. Nikafuta ubao uliokuwa safi. Nikakaa kwenye kiti cha mwalimu, nikatazama madawati, nikaanza kusahihisha daftari moja la hesabu lililobaki. Saa kumi na robo waliingia watatu kwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Walikaa, wakatoa madaftari ya hesabu. Walifika wanane. Ildefonsi hakuwemo, nilisikia ameona haya kwa kuwa ndiye aliyepeleka jina langu. Wa tisa na wa mwisho alikuwa Dorcas, na nyuma yake, bila kusimama dirishani kama kawaida, aliingia Niyonzima. Aliniamkia kwa Kiha, mwakeye, ingawa ilikuwa jioni na haikuwa salamu ya wakati ule. Akapita moja kwa moja hadi dawati la nyuma, akakaa, magoti yakagusa kifua.

Dorcas alifungua daftari la uraia. Hakukaa.

"Mwalimu," alisema, "hapa kwangu imeandikwa nane. Nifute?"

Nilisimama. Nilisema hapana, usifute kwanza. Nikawaambia kwamba kosa lilikuwa langu, nikaeleza wilaya ni nini na halmashauri ni nini, nikaeleza kabati la barua. Walisikiliza. Ningeweza kuishia hapo, na nilitamani sana kuishia hapo, kwa sababu niliona nyuso zinaanza kulegea. Mtu yeyote anaweza kukosea.

"Nimelijua kosa hili tangu niliporudi kutoka Dar es Salaam," nilisema. "Wiki tatu. Nimewafundisha vipindi tisa nikilijua."

Dorcas alilitazama daftari, akanitazama mimi.

"Ijumaa nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema baada ya desimali."

"Ndiyo."

Alikaa taratibu. Mwanamke mmoja wa mbele, Asia, anayeuza vitumbua, alianza kukusanya vitu vyake, kisha akaviacha mezani, kisha akavikusanya tena na kutoka. Wakabaki wanane. Sikumzuia. Sikuhisi kwamba anaondoka. Niliona tu kwamba mlango umefunguka na umefungwa.

Niyonzima alizungumza kutoka nyuma. Haongei Kiswahili kingi, na alichagua maneno yake moja moja.

"Mwalimu. Hilo ni moja. Na mengine?"

Nilimuuliza mengine yapi.

"Yaliyomo." Alionyesha daftari la mkewe, ambalo lilikuwa nene, kurasa mia mbili, karibu lote limejaa. "Mimi sijui kusoma. Nimemleta hapa miaka miwili. Hilo moja limeonekana kwa televisheni. Mengine nani ameyatazama?"

Ni swali ambalo hakuna mtangazaji angeniuliza. Nililisikiliza mpaka mwisho. Mikono yangu ilikuwa imekutana mbele ya kifua. Niliiona, nikaiacha ilivyo.

"Sijui," nilisema. "Mengi niliyaandika kutoka kichwani. Hakuna aliyeyatazama."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikuwa akiitarajia.

Nilisema basi tutayatazama. Dorcas alikuwa na kitabu kipya cha uraia alichoazimwa na binti wa jirani anayesoma sekondari. Nilimwomba akitoe. Nikawaambia wafungue ukurasa wa kwanza wa daftari, yeye asome kitabu, mimi nisome nilichowaandikisha, na palipo na tofauti tusimame. Wakauliza wafute kwa kifutio au kwa wino mweupe. Nikawaeleza utaratibu wa masjala. Kumbukumbu haifutwi wala haichanwi. Unapitisha mstari mmoja katikati ya kosa ili bado lisomeke, unaandika sahihi juu yake, na aliyekosea anatia saini yake pembeni na tarehe. Hivyo atakayekuja baadaye atajua nani alikosea na lini.

Nikaanza na ile nane. Nilipita dawati kwa dawati. Mstari, sita, saini, tarehe. Mara nane.

Kisha tukaanza ukurasa wa kwanza. Kufikia saa kumi na mbili tulikuwa tumefika ukurasa wa kumi na tatu na tumepata lingine moja. Nilikuwa nimewaandikisha kwamba nchi yetu ina mikoa thelathini, na kitabu kilisema thelathini na mmoja. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka mmoja baada ya kustaafu kwangu na sikuwahi kuupelekea barua. Nikatia saini mara nane tena. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenifariji. Giza lilikuwa linaingia na waliokuwa wakitoka mbali walianza kufunga madaftari.

Niyonzima alikuja mbele, akachukua daftari la mkewe kutoka mezani, akalifungua kwa uangalifu wa mtu asiyejua linaanzia juu au chini. Akaniuliza saini yangu ni ipi kati ya maandishi yale. Nikamwonyesha kwa kidole. Aliitazama muda mrefu, akafunua kurasa akatafuta nyingine, akaipata mwenyewe, akaweka kidole gumba juu yake. Kisha akalikunja daftari ndani ya kitenge cha mkewe, kwa sababu mvua ilikuwa inarudi, akamwambia Dorcas atangulie kwenye baiskeli.

"Jumatano," aliniambia, "tutaanzia ukurasa wa kumi na nne."